Alikuwa Anasoma Mbio

Mwaka ule nilichoka kabla haujaanza. Shule yetu ya Katoyi, hapa mjini, ilikuwa imepokea watoto waliokimbia vita Masisi, darasa langu la pili likafika watoto sabini, benchi moja watoto wanne, kitabu kimoja tu, changu. Asubuhi nilifundisha kundi la kwanza, mchana la pili, na jioni nilirudi nyumbani bila sauti.

Ukiwa na kitabu kimoja unafundisha kwa kuitikiana, jinsi sote tulivyofundishwa. Mwalimu anaandika ubaoni, anasoma, darasa zima linarudia mpaka majirani wa shule nao wanalijua somo. Koo lilipozidi kuniuma nikatafuta mtoto wa kuongoza mahali pangu, nikamchagua msichana mmoja kutoka Masisi, wa miaka tisa hivi, mwenye sauti safi na ulimi mwepesi. Kila somo nililisoma mimi mara moja kwanza, kisha nikampa fimbo ya kuonyeshea maneno, akawa anatamka, wenzake wakimfuata. Mimi nilikaa. Sitasema uongo, nilikaa kwa raha.

Mama yake aliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, pale soko la Kituku. Siku moja alikuja kunishukuru, akanieleza kwamba mumewe amekubali mmoja tu kati ya watoto wao asome, yule anayeweza, na siku atakapoona hawezi atamrudisha shambani. Mama alicheka aliposema hivyo, maana binti yake alikuwa anasoma mbio kuliko wote.

Basi inspekta wa shule akaja. Nilikuwa nimefuta somo la jana na kuandika jipya, na kwa kutafuta sifa nikamwita msichana aongoze kabla mimi sijalisoma. Alishika fimbo, akaonyesha neno la kwanza, akatamka somo la jana. Alilitamka lote bila kukosea, fimbo ikitembea juu ya somo la leo, na darasa zima likaitikia kwa nguvu. Inspekta aliandika kitu kwenye daftari lake, akaniangalia, akatoka.

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mwanzoni nilisema lile tunalolisema wote, kwamba ni vita. Mtoto asiyejua kusoma hapa kwetu ana sababu tayari, hakuna anayejisumbua kutafuta nyingine. Lakini wenzake waliotoka naye milima ile ile, waliolala naye hema moja kambini, walikuwa wameanza kusoma. Nikakumbuka mafunzo ya siku mbili tuliyopewa zamani, ambayo nilisinzia karibu nusu yake. Tuliambiwa kwamba kusoma kunaanzia sikioni, kwamba mtoto lazima asikie jinsi neno linavyokatika vipande, na wapo watoto wenye akili na masikio mazima ambao vipande hivyo hawavisikii kirahisi. Wanasikia neno zima kwa mara moja, basi.

Adhuhuri, kati ya kundi la kwanza na la pili, nikamketisha msichana nje. Nilimuuliza sambaza inaanza na nini. Alifikiri sana, akasema inaanza na mtumbwi, halafu wavu. Sikucheka. Tuliokota mawe madogo meusi ya volkano, yamejaa kila mahali, tukaweka jiwe moja kwa kila kipande: sa, mba, za. Tukayaondoa, tukaanza tena. Mimi nina njaa, yeye ana njaa. Mara nyingi aliomba arudishiwe fimbo yake, nikakataa, akalia, na siku nyingine nami nilikaribia kulia. Ikachukua miezi. Mwishowe akaanza kusoma, pole pole mno, jasho likimtoka, lakini macho yake yalikuwa kwenye neno.

Kisha vita vikafika mjini penyewe. Shule ikafungwa, watu wa kambini wakaambiwa warudi makwao. Asubuhi ya safari mama alikuja na binti yake, lori likiwangoja barabarani, akaomba karatasi ya kupeleka shule ya huko. Niliandika kwamba mtoto huyu ana akili, apewe muda, na afundishwe kwa mawe. Mama hakujua kusoma. Alimpa binti karatasi amsomee.

Msichana akaanza kutamka mbio, kwa ile sauti yake safi, kwamba yeye ni wa kwanza darasani na walimu wote wanamsifu. Sikuwa nimeandika hata moja kati ya hayo. Ghafla akaniangalia, akarudisha kidole mwanzo wa mstari.

"M... to... to," alisoma. "Mtoto."

Mama alimkazia macho, kisha akanigeukia. "Madamu, zamani alikuwa anasoma mbio. Mulimufanya nini?"

"Mama, ni sasa njo anasoma kweli."

"Baba yake akimusikia hivi, atamutoa ku masomo."

Nilianza kumweleza habari ya sikio na vipande vya neno, nikiwafuata mpaka barabarani, na dereva akapiga honi. Msichana alipanda nyuma ya lori na karatasi yake mkononi. Lilipoondoka, kidole chake kilikuwa bado kwenye neno la pili.