Hapo Ngoma Zinaota

Naona aibu hata kusimulia, ila kwa kuwa mama ameshaisimulia Ruponda nzima, bora mnisikie na mimi, ingawa nimechoka kuieleza.

Mimi ni fundi mitambo kwenye kituo kidogo cha televisheni, na siku ile tulikuwa uwanjani Ruangwa tukirusha moja kwa moja sherehe ya mavuno, ambapo binti yangu Sharifa alikuwa anacheza ngoma na wenzake wa shule. Mama miguu haimpeleki tena mbali, kwa hiyo nilimwahidi atamwona mjukuu wake kwenye televisheni bila kutoka nyumbani, naye akaita majirani wote (mama hajui kufurahi peke yake).

Sasa waya wa kamera ulikuwa mfupi. Kuuzungusha nyuma ya jukwaa kulitaka kuunga mwingine, na jua lilikuwa kali, mgongo unaniuma, nikaona sehemu imefagiliwa vizuri, nikaupitisha hapo na kuufunika kwa majani makavu niliyoyakuta yamerundikwa hapo, watu wasijikwae. Mzee mmoja wa ngoma, Mmwera, akanifuata taratibu. "Baba, hapo usipitishe. Hapo ngoma zinaota."

Zinaota kama mahindi, au zinaota ndoto? Nikamjibu, "Sawa mzee, nimekuelewa," nikaenda zangu nikicheka Kiswahili chake (mimi niliyezaliwa Ruponda, nikajifanya mtu wa Dar kwa sababu nina hedifoni shingoni).

Kumbe ngoma zinaota moto, ngozi ikaze zilie vizuri. Ilipokaribia zamu ya kina Sharifa, wazee wakayawasha yale majani, waya ukayeyuka, picha ikazimika. Nikatoka mbio kwenye gari la matangazo nikimporomoshea yule mzee maneno nisiyoweza kuyarudia hapa, na maiki isiyo na waya niliyoibana kwenye shati asubuhi kwa majaribio ilikuwa bado hewani. Kioo cheusi, sauti yangu safi kabisa. Mzee akangoja nimalize, kisha akasema, nayo ikarushwa vilevile, "Nilikwambia zinaota, baba."

Nilipomaliza kubadilisha waya, watoto walikuwa wameshamaliza kucheza. Nikampigia mama.

"Sharifa sikumwona," alisema. "Wewe ndiye niliyekusikia. Na shehe alikuwa hapa na sisi, akaweka kikombe chini, akaaga."

Sharifa alimchezea tena bibi yake nyumbani, bila ngoma, na mama alipiga makofi, lakini haikuwa ile, na iliniuma. Nilirudi Ruangwa kumwomba mzee radhi. Siku hizi nikifika uwanja wowote, kabla sijakunjua waya, nawatafuta kwanza wapiga ngoma, nawaamkia, nawauliza zinaota wapi.