Rejeta ya Chumba cha Mama Mkwe

Shule yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mambo ya presha, wenye vyeti wanisamehe.

Nyumba tunayopanga hapa Toronto ni ya zamani na inapashwa moto kwa maji. Boila iko chini kabisa. Maji ya moto hupanda kwa mabomba hadi kwenye machuma yaliyosimama chini ya kila dirisha. Sisi tunayaita rejeta, kama za magari. Hewa ikinasa ndani, maji hayapiti vizuri, na rejeta hunguruma kama tumbo la mtu aliyefunga.

Ya mama mkwe ilianza kunguruma Februari. Alikuwa amekuja kutoka Morogoro kumlea mke wangu, aliyejifungua kwa upasuaji, na akaahidi kukaa hadi arobaini. Tulimpa chumba cha juu, chenye dirisha kubwa kuliko yote. Sikufikiria kwamba dirisha kubwa ni baridi kubwa. Akawa anakuja mezani na koti, kofia ya sufu na glavu moja; ya pili aliivua ili aweze kula.

"Baridi ni ya Mungu, baba," alisema. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikauliza kwenye kikundi chetu cha simu, wanaume watupu. Mmoja akasema boila nzima ing'olewe. Wa pili akasema wa kwanza hajui kitu. Wa tatu akatuma dua. Kusema haki, ni dua tu ambayo haikuongeza ugomvi.

Mwenye nyumba, mzee Mgoa aliyezaliwa Dar, akanipa kiufunguo kama cha saa ya ukutani. "Kuna kitundu juu pembeni ya kila rejeta. Fungua kidogo, hewa itoke. Ukiona maji, funga. Ningepanda mwenyewe, lakini goti." Goti lenyewe nimeliona, ni bovu kweli.

Tatizo ni kwamba kwetu mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe. Na mke wangu ameshonwa, hatakiwi kuinama. Basi nikatumia akili: nikatoa hewa kwenye rejeta zote isipokuwa ile iliyokuwa mgonjwa. Nilijiambia hewa ni moja tu, itapata njia. Nyumba ikawaka, hata choo kikawa kama Dar. Chumba cha mama kikapoa kabisa. Kumbe ukitoa hewa, presha nayo inashuka, na maji yakikosa nguvu hayafiki juu.

Asubuhi mke wangu akaniambia, "Mama anafunga sanduku. Anakwenda Etobicoke kwa binamu yangu."

"Kwa nini?"

"Nyumba nzima moto, chake tu barafu. Wewe ungeelewaje?"

"Si ungemwambia ni hewa?"

"Nimemwambia. Kasema, hewa gani hiyo inayochagua wakwe?"

Ushahidi wote ulikuwa upande wake. Na akiondoka, nani atamwogesha mtoto? Mimi, ninayembeba kama sufuria ya moto?

Nikashuka, nikaongeza maji kwenye boila hadi mshale wa presha ukapanda, nikaizima. Kisha nikapanda na kusimama nje ya chumba chake, mgongo kwenye mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kubeba sanduku?"

"Hapana, mama. Ni ile rejeta. Napitisha ufunguo chini ya mlango. Uingize kwenye kitundu cha juu pembeni, zungusha kushoto, kidogo tu."

Nikasikia ufunguo ukikwangua chuma, halafu *sssss*.

"Inanizomea!"

"Ndiyo, mama, iache."

"Hata chuma cha nyumba hii!" Nadhani hapo alizungusha kwa hasira, maana kilichofuata ni ukelele. "Yarabi! Maji meusi!"

"Funga, mama! Kulia!"

"Kulia kwangu au kwake?"

Ningependa kuwauliza wazee wangu kwanza, lakini maji hayangoji kikao. Nikajifunika kichwa kwa sweta, nikaingia kinyumenyume, nikipapasa hewani. Hatua chache tu nikajikwaa, nikakaa kitako ndani ya sanduku lake, juu ya nguo.

Mama mkwe akacheka. Tangu afike sikuwahi kumsikia akicheka.

"Baba, unatembea kama kaa? Fungua macho, funga maji!"

Nikafunga, nikatoka mbio kwenda kuwasha boila.

Kanga yake moja ilikuwa imelowa ile takataka nyeusi. Akaifua, na rejeta ilipoanza kupata joto kutoka chini hadi juu, akaitandaza pale.

"Siwezi kusafiri na nguo mbichi," akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia mimi jikoni.

Kanga ilikauka kabla ya chakula cha mchana. Niliiona nilipopita, maana mlango sasa ulikuwa wazi. Usiku ilikuwa bado pale, na kesho yake pia. Ilikaa juu ya rejeta hadi arobaini ikapita, kavu kama karatasi, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kuigusa.