Daftari la Get

Mkunya nzima inajua kwamba Bonifasi Chitanda ana kaunta buku ambalo ndani yake hamna kitu ila neno moja la Kiingereza. Neno lenyewe ni get. Alilianza akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kwao Chiwata, alipokuwa akifua na kupiga pasi nguo za padri mmoja Mwingereza. Padri alimwambia, "Wewe Bonifasi, ukilishika neno hili moja sawasawa, unaweza kuishi kwa Kiingereza tangu kuamka mpaka kulala, na hakuna atakayejua kuwa huna mengine."

Padri huenda alikuwa anatania. Bonifasi hakutania. Alinunua kaunta buku, akapiga mistari, akaanza. Kuamka, get up. Kushuka kwenye basi, get off. Kuoa, get married. Kupona, get well. Mtu akielewa jambo anasema I get it, ingawa hajapewa chochote mkononi, na huyohuyo akikuchoka anakwambia get out. Bonifasi alikuwa akijisomea hayo kwa sauti na kutikisa kichwa, kama mtu anayetazama mnyama mdogo anayebeba mizigo mikubwa.

Na pembeni mwa kila maana aliandika jina la aliyempa. Padri. Dereva wa lori la saruji. Nesi wa zamu. Redio. "Nikiandika bila jina," alikuwa akisema, "nitakuwa nimeiba."

Alipomwoa Scholastika alihamia Mkunya, kama ilivyo desturi ya huku juu, mwanamume kumfuata mke. Akajenga pembeni mwa uwanja wa mama mkwe wake, Bibi Yuliana, akawa anapulizia mikorosho ya Bibi Yuliana kabla ya kugusa ya kwake. Na ukwe aliushika barabara. Miaka kumi na tisa hajala mbele ya mama mkwe, hajamtazama usoni. Akimwona anakuja njiani, huingia shambani mpaka apite. Akiwa na la kumwambia, humwambia mkewe, au hulisema kwa kuutazama ukuta.

Heshima yake katika nyumba ile ilikuwa Kiingereza. Ikija barua ya kanisa kutoka Ulaya, baba Esther, kama walivyomwita kwa jina la binti yao, asome. Maandishi kwenye mfuko wa salfa ya mikorosho, baba Esther atazame. Mjomba Nikolao, kaka yake Bibi Yuliana, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo, aliwaambia watu waziwazi, "Mdomo wa Kizungu wa nyumba hii ni mkwe wetu Bonifasi." Maneno hayo Bonifasi aliyala kama chakula.

Ndipo akaja Christopher.

Christopher alimwoa Grace, mdogo wake Scholastika, akahamia uwanjani hapohapo. Wanaume waliooa ndugu ni wanyumba, na mwanyumba ni mtu wako, mnapaswa kusaidiana kubeba mzigo wa ukweni. Lakini huyu alikuwa amemaliza kidato cha sita na kukaa mapokezi katika hoteli moja kule Mtwara. Kiingereza chake hakikuwa na daftari. Kilikuwa kinamtoka tu, kama jasho.

Siku moja Bonifasi alikuwa nyuma ya jiko akichonga mpini wa jembe. Akasikia kicheko barazani. Akachungulia. Christopher alikuwa ameketi kwenye mkeka mmoja na mama mkwe, mkeka mmoja, anamwonyesha picha kwenye simu, na Bibi Yuliana anacheka mpaka ufizi unaonekana.

Bonifasi alirudi kwenye mpini wake akauchonga mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu.

"Huyo mdogo wenu hajafunzwa?" akamuuliza Scholastika jioni ile.

"Nani, Grace?"

"Mumewe. Anakaa na mkwe kama anakaa na dada yake."

"Mama mwenyewe amemwita, baba Esther. Kasema hizo za kukimbiana porini zimemchosha magoti."

"Mbona mimi hajaniita?"

Scholastika alikuwa anabangua korosho. Hakuinua macho. "Atakuitaje na wewe kila siku umejificha kwenye mihogo?"

Mwezi wa pili wanyumba hao wawili walikuwa wanapalilia pamoja, Christopher akasema, "Mwanyumba, lile neno lako, unayo get away with it?"

Bonifasi hakuwa nayo. Moyo ukamwuma. "Ndiyo nini?"

"Mtu anafanya kosa, halafu anapita zake, haulizwi."

"Nilikuwa nayo," Bonifasi akasema, "ila si kwa maneno hayo." Alipofika nyumbani aliiandika, namba themanini na tatu. Pembeni aliacha wazi. Ndiyo ya kwanza katika daftari lile kukosa jina.

Mwezi wa saba zikaja habari. Zamani, Bibi Yuliana akiwa mama kijana, palikuwa na nesi Mwingereza katika zahanati ya misheni, akiitwa Edna. Nesi Edna alikuwa amefariki kwao, na mjukuu wake, Judi, alikuwa njiani kuja Mkunya kumwona mwanamke mmoja ambaye bibi yake alimwandika katika vitabu vyake vya kumbukumbu. Mwanamke huyo ni Bibi Yuliana.

Mjomba Nikolao akaita watu wa uwanja. Akaweka kigoda katikati ya viti viwili. "Huku atakaa dada yangu, huku mgeni. Hapa mkalimani. Na nimeona akae Christopher, maana amezoea wageni wa hoteli. Baba Esther atakuwa karibu, mwenzake akikwama."

"Nikikwama!" Christopher akacheka. "Mjomba, nikikwama baba Esther atanitoa kwa get."

Watu wakacheka. Hata Bibi Yuliana, kule pembeni. Bonifasi naye alicheka, maana angefanya nini, lakini usiku kucha alikiona kile kigoda. Miaka kumi na tisa ya kupishana na mama mkwe porini, halafu huyu wa juzi akae ubavuni mwake na kuwa mdomo wake! Akikikalia siku ile, nani tena atamletea Bonifasi barua asome?

Asubuhi ya siku ya mgeni alienda kibandani, kwenye mashine ya kupulizia salfa. Akafungua plagi, akaifuta, akaitia mfukoni. Kisha akaenda kwa Mjomba.

"Plagi ya mashine imekufa, Mjomba. Na mikorosho ya mama imeanza kutoa maua. Ikilala leo bila salfa, ugonjwa wa ubwiriunga utaingia."

"Newala hazipo?"

"Za aina ile zimekwisha. Mpaka Masasi. Ningeenda mwenyewe, lakini zile za dukani wanauza na za bandia, na mwenzangu ana macho mazuri."

Hapo palikuwa na uongo wa aina tatu, na wote Bonifasi aliutoa akiutazama ukuta, kwa hiyo Mjomba hakuona ajabu. Ya mikorosho hayangoji. Christopher akapakiwa kwenye bodaboda mpaka Newala, akapande gari la Masasi. Aliondoka akigeukageuka.

Mgeni alifika saa nne. Mwanamke wa makamo, mrefu, kavaa kofia ya majani. Dereva aliyemleta alijua kusema kushoto na kulia tu, akabaki kwenye gari lake. Akina mama majirani walikuwa wamejaa ukumbini, Mwanaisha wa nyumba ya pili akiwa mbele yao. Bonifasi, shati limepigwa pasi, kofia ya sherehe kichwani, akakaa kwenye kigoda. Mgongo wake aliupindisha kidogo ili asimwelekee mama mkwe, akawa kama mtu mwenye maumivu ya shingo.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Salamu akazipeleka, pole ya msiba akaileta. Habari za mvua, habari za korosho. Mjomba Nikolao akawa anaitikia kwa kichwa, na Bonifasi akahisi kigoda kinainuka naye.

Kisha mgeni akatoa daftari la zamani mkobani, akasoma, akauliza polepole ili aeleweke. Bibi yangu ameandika kwamba katika maisha yake yote hajaogopa kama siku aliyomzalisha Yuliana mtoto wa kike. Lakini hakuandika ilikuwaje. Naomba mama anisimulie.

Bonifasi alielewa kila neno. Ndiyo ilikuwa shida yake.

"Anasemaje?" akauliza Bibi Yuliana.

"Anasema..." Bonifasi akautafuta ukuta, lakini pale katikati ya viti viwili hapakuwa na ukuta. "Anauliza habari za siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku ile ya... mama Esther."

Bibi Yuliana akaelewa. Akavuta upande wa kitenge akajifunika mdomo, akageukia nyuma. Uzazi wa mama mkwe! Mkwe aliyekuwa akiingia porini ili asikanyage kivuli chake, sasa achukue uchungu wake wa kuzaa, autie kinywani mwake, na auseme kwa "mimi", kama mkalimani asemavyo: mimi nilipiga kelele, mimi nilifungua miguu. Katika kukihangaikia kile kigoda Bonifasi alikuwa amewaza mengi, lakini hilo hakuliwaza hata kidogo.

Mwanaisha akashindwa kujizuia. "Haya, Bwana Get, sema sasa!"

Mjomba Nikolao akakohoa. Mgeni akatazama huku na huku, akidhani ameuliza vibaya. Na macho yake yalikuwa yamelowa, maana ametoka mbali kwa swali hilo moja. Bonifasi akaivua kofia ya sherehe, akaivaa tena. Jasho likashuka mpaka kwenye kola.

Scholastika alikuwa anatoka ndani na sinia la mihogo na chai. Akaliweka chini.

"Baba Esther, nipishe."

"Wewe?"

"Nipishe. Ni mimi niliyezaliwa, si wewe."

Akakaa kwenye kigoda. Akashika goti la mama yake. "Mama, sema." Bibi Yuliana akasema kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini, na Scholastika akamgeukia mgeni.

"My mother get pain two day," akasema. "Leg get out. Head get stuck."

Bonifasi alikuwa ameshafika nyuma ya ukuta wa nyumba, mahali pa mkwe, lakini masikio hayakukubali kwenda mbali. Get stuck! Hiyo ni ya dereva wa saruji, siku lori lilipozama kwenye mchanga. Ukurasa wa kumi na mbili. Miaka kumi na tisa alikuwa akisoma daftari kwa sauti, mkewe ameinamia korosho, na yeye akidhani anaongea na ukuta.

"Your grandmother get here, bicycle. She get no fear in face. Inside, she get fear, my mother see. She get me by leg. Slow, slow. I get out. I get no breath. She get angry, she beat me here. I get breath."

Hakuna neno jingine lililobeba mzigo ila lilelile. Likamtoa mtoto tumboni, likampa pumzi. Na Bonifasi, akiwa ameegemea udongo wa ukuta, ndiyo kwanza anasikia kwamba mke wake alikuja duniani kwa miguu, na karibu asije kabisa. Machozi yalimjia. Lakini nyuma ya machozi kulikuwa na kitu kingine anachokijua vizuri, kilichokaa kifuani tangu siku ya mkeka, na sasa kilikuwa kimemwacha Christopher na kuhamia kwa Scholastika. Zile get zote zilikuwa za daftari lake!

Akamsikia mgeni akilia na kusema, "I get it. I get it." Akamsikia Mjomba Nikolao akisema kwa sauti ya kutaka watu wasikie, "Kumbe mdomo wa nyumba hii tulikuwa nao tumboni mwetu."

Christopher alirudi saa kumi, vumbi mpaka kwenye kope. Mgeni ameshaondoka. Akaenda moja kwa moja kibandani, akafunga plagi mpya, mashine ikanguruma. Kisha akamfuata Bonifasi aliyekuwa amekaa peke yake kwenye gogo.

"Mwanyumba, plagi mbovu iko wapi? Wa duka alitaka kuiona."

Mkono wa Bonifasi ulienda mfukoni wenyewe, ukasimama hapo. Christopher akautazama ule mkono.

"Ile get away niliyokupa mwezi wa pili," akasema taratibu, "imekufaa leo?"

"Haikunifaa," Bonifasi akajibu, akaitoa plagi akampa.

Christopher akaigeuza kiganjani. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Basi tukapulizie kabla upepo haujabadilika. Utabeba salfa wewe."

Akaibeba. Alipomaliza kuoga, jua lingali juu ya mikorosho, akatoa kaunta buku. Namba themanini na tatu akaijaza jina: Christopher, kwa kalamu ya wino. Chini yake akaandika namba themanini na nne: get by leg, kumtoa mtoto kwa mguu.

Barazani akina mama walikuwa bado wamemzunguka Scholastika, wakimtaka aseme tena, na Bibi Yuliana akicheka mpaka ufizi. Bonifasi akasikiliza. Akakaa na kalamu muda mrefu. Mwishowe akaiweka chini, akatafuta penseli ya Esther ya shule, na kwa penseli hiyo, herufi ndogondogo, akaandika pembeni mwake: mke wangu.