Sekunde Nane za Shangazi

Chama chetu cha wakulima hapa Runazi kina watu kumi na tisa. Niliwahesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilijisahau mwenyewe. Simu janja zilikuwa tatu, na moja kioo chake kimepasuka. Hapo ndipo binti mmoja mtaalamu kutoka Mwanza alipotuletea mafunzo ya mtandaoni ya kuhifadhi maharage.

Alianza na video. Bando la wiki lilikwisha kabla bwana wa kwenye video hajamaliza kujitambulisha. Akarudi na kurasa nyepesi, picha na maandishi. Katika simu tatu, zikafunguka kwenye mbili. Mwishowe akakubali somo liwe la kupiga simu. Unapiga namba ya bure kwa kitochi chako, simu ndogo ya vitufe, sauti inafundisha, kisha inauliza: moja ni ndiyo, mbili ni hapana. Maswali sita.

Kumi na wanane tukafaulu. Aliyebaki ni shangazi yangu. Na ghala la chama lina sharti: magunia ya mtu asiyemaliza mafunzo hayaingii, asije akatuletea wadudu. Shangazi alikuwa na magunia manne sebuleni. Ya msimu uliotangulia wadudu walimwachia unga.

“Shangazi, umepiga?”

“Mara tatu. Kuna mtoto anapokea, hasalimii. Anaanza tu, ‘Karibu mkulima, bonyeza moja.’ Nikakata.”

“Ile ni mashine, shangazi.”

“Aliyeifundisha kusema alishindwa nini kuifundisha adabu?”

Nikamfikishia binti. Hakubisha, akarekodi upya. Nikakaa na shangazi, akapiga.

“Shikamoo,” simu ikasema.

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Mama yako anaendeleaje?”

Simu haikungoja. Shangazi alipomaliza kumuulizia mama, swali la kwanza lilishapita na la pili liko njiani. Simu ikasema haijapata jibu, ikakata.

“Huyu anakimbilia wapi?” akauliza shangazi. “Nimemuuliza mama yake.”

Siku hiyohiyo nikampigia binti.

“Baada ya shikamoo unaacha kimya cha sekunde ngapi?”

“Mbili, katibu.”

“Nataka kumi na tano.”

“Watu watadhani simu imekatika. Nakupa nne.”

“Nne ni za kumwamkia mtu aliye juu ya bodaboda. Kumi na mbili.”

“Sita.”

“Binti, nimempima shangazi kwa saa, mara mbili. Marahaba, hamjambo, mama yako. Nane na nusu.”

Akacheka. Nilihesabu, sekunde tano.

“Nane, katibu. Hiyo nusu aongeze mwendo.”

“Sawa. Halafu sauti iseme ‘hatujambo, tunashukuru’. Bila hivyo atauliza tena.”

“Mna maneno huko.”

“Tunayo, tena hatuyanunulii bando.”

Jumamosi shangazi alinawa mikono, akajifunga kitenge vizuri, akapiga. Shikamoo ikaja, akaitikia, akawaulizia, akamuulizia mama. Mimi macho kwenye saa.

“Hatujambo, tunashukuru,” simu ikasema, ikaingia kwenye swali la kwanza: je, maharage yasiyokauka yanafaa kufungiwa kwenye gunia?

Shangazi aliitazama simu kama anavyomtazama mchuuzi wa mizani mbovu, akabonyeza mbili. Alipata yote sita. La nne alilijibu kabla halijaisha kuulizwa.

“Huyu sasa amelelewa,” akasema.

Vijana wa miaka ishirini wanaopiga namba ile nao wanaamkiwa shikamoo. Nimesubiri malalamiko. Hayajaja.

Jumatatu magunia yakaingia ghalani. Manne. Nikahesabu tena, manne. Kugeuka, shangazi ana simu sikioni.

“Shangazi, mafunzo si umemaliza?”

“Najua. Nataka kumwambia magunia yameingia.”

Maneno hayo nikayapima kwa saa. Sekunde tatu. Nikarudia, tatu. Katika zile nane, nafasi anayo.