Ujumbe wa Maziwa Ulioenda kwa Marehemu

Ukungu bado umelala juu ya Dundori. Jepleting Rono amekaa kwenye kigoda zizini kwa Rahab Nyokabi, daftari magotini. Hashiki kitu. Anamtazama mama huyu akikamua.

"Leo umekuja kunihesabia ng'ombe?" Rahab anamtania.

"Hapana, mathe. Nimekuja kuona mkono wako unaenda wapi kwanza."

Jepleting, mwenye miaka 31, ni fundi wa vifaa vya umeme mjini Nakuru. Ametengeneza kidude kinachoning'inizwa ndani ya mtungi wa maziwa ya jioni, ambayo hulala kwenye karai la maji baridi hadi asubuhi. Maziwa yakianza kupata joto, kidude hutuma ujumbe kwa simu ili maji yabadilishwe. Mwezi wa tatu aliwapa wafugaji thelathini wa kikundi kimoja cha Dundori vidude hivyo wavijaribu.

Wiki ya pili, lita kumi na nane za Rahab zilikataliwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Zilikuwa zimechacha.

"Nilikuja hapa nimejaa maneno," Jepleting anakumbuka. "Nikamuuliza, mathe, ujumbe mara tatu na hukusoma hata mmoja?"

Rahab aliuliza ulitumwa kwa namba gani. Akasomewa. Akaingia nyumbani, akatoka na simu iliyofungwa kwa leso. Walipoiwasha, jumbe tatu ziliingia kwa pamoja.

"Nikamwambia, hii ni ya Muiruri," Rahab anasema. "Mzee wangu yuko kwa Bwana, mwaka wa pili sasa. Yeye hakamui tena."

Jepleting alikuwa amezitoa namba kwenye daftari la kikundi, na humo wameandikwa wenye mashamba. Alipozunguka boma zote, alikuta ishirini na moja ambako ujumbe ulimfikia mtu asiyeshika mtungi.

"Mmoja yuko mbali, anachoma nyama Kikopey," anasema, akicheka kidogo. "Anaambiwa maziwa yanaharibika Dundori. Afanye nini? Na hawa akina mama, mikono imelowa, simu iko ndani. Mimi sikuwauliza."

Kikundi kimempa hadi Jumamosi. Wasiporidhika, vidude vyote virudi, na kazi yake ya miaka miwili iishie hapo.

Kwa hiyo kidude cha leo kina kengele. Kiko jikoni, ndani ya mtungi wa jana jioni. Baada ya kukamua wanaingia humo; chai imeiva, moto unawaka, na Rahab amefumba macho kuombea chakula. Kengele inalia.

"Amina," anasema upesi, anakimbilia maji.

Akirudi, anajifuta mikono. "Hii imeniita mimi. Jumamosi nitasimama niwaambie."

Jepleting anataka kwenda kwa wafugaji wa Kabazi baadaye. Anasema mara ya kwanza hatabeba kidude chochote, ataomba kigoda tu.

Anapofungua simu yake kufuta namba ya zamani ambayo kidude bado kinaitumia ujumbe, Rahab anamshika mkono.

"Ya mzee iache," anasema. "Kiwe kinamwambia pia."