Ng'ombe Arobaini wa Baba

Mwaka nilipopata nafasi ya kusomea uganga wa mifugo Ulaya, nusura niikose kwa sababu ya ng'ombe ambao hatukuwa nao.

Fomu ya msaada wa masomo iliuliza mali ya mzazi. Waliotoa fedha walitaka kujua ni nani asiyeweza kujilipia. Baba hakulielewa hivyo. Kwetu Mpui, wageni wakija kumchukua binti huulizia kwanza nyumba anakotoka, na siku hiyo hakuna baba anayejishusha. Basi akamwambia katibu wa kijiji aandike ng'ombe arobaini. Tulikuwa na maksai wawili wa kukokota plau. Katibu alijua, mwenyekiti alijua, na bado mhuri ukagongwa. Nani angemvunjia mtu heshima mbele ya wageni?

Afisa elimu pale Sumbawanga, mtu wa Mbeya asiye na maneno mengi, aliisoma fomu akanirudishia. Alisema mwenye ng'ombe arobaini hapewi msaada, yeye ndiye huombwa. Akanipa fomu nyingine na siku tatu.

Nilidandia lori la chumvi hadi nyumbani nikiwa nimemkasirikia baba kweli kweli. Mama alimsihi, mimi nikanuna, yeye akakataa katakata. Kila Jumamosi tulilima shamba la kijiji tukiambiwa sote ni sawa, lakini hakuna aliyetaka kuwa sawa na wa mwisho. Kwa siku mbili hakunisemesha. Nilianza kujizoeza kukaa bila Ulaya, na sikuweza.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta uani amevaa koti lake la kanisani. Tulikwenda ofisi ya kijiji. Nje watu walikuwa wamepanga foleni ya sukari, mlango uko wazi, wote wakisikia. Nilitamani angoje waondoke. Hakungoja.

"Andika wawili," alimwambia katibu. "Na uandike kwamba sijawahi kuomba kitu kwa mtu."

Katibu alimweleza kwa upole kuwa fomu haina nafasi ya maneno hayo. Baba akabaki amesimama pale pale, kofia mkononi. Mwishowe mwenyekiti alichukua kalamu mwenyewe, akayaandika pembeni kwa Kiswahili, akayagongea mhuri.

Nililia njia nzima ya kurudi mjini, kwa furaha, na kwa aibu ya kununa kwangu.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa chuoni, nikitetemeka kwa baridi niliyodhani nyanda zetu za Ufipa zilikwisha kunizoesha. Karani mmoja wa kike alifungua jalada langu, akaweka kidole juu ya yale maneno yenye mhuri, akaniuliza yanasema nini.

Nilimwambia kuwa baba yangu anawasalimu.