Chumba Ambacho Uzoaku Hakukiomba

Mji mzima wa Enugu ulimjua Uzoaku kwa majengo aliyoyachora. Benki ile ya ghorofa ni yake, kanisa la kona ya sokoni ni lake, na shule kadha wa kadha huko mashambani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukaa kwenye meza ya kuchorea katika ofisi yao ya wasanifu majengo, na wanaume walimwita Mke wa Rula, kwa vile kila mchumba aliyekuja alirudi mikono mitupu. Yeye hakuwajibu. Alichora tu, nao wakimaliza kucheka walimfuata kumwuliza ngazi zao zimekosea wapi.

Basi mwanamke huyu aliyewajengea watu wote, mwenyewe alilala nyumba za kupanga. Si kwamba alikosa fedha. Alichokitamani hakiuzwi: chumba nyumbani kwa baba yake, kijijini Umuezike, aamke asikie kuku wao na sauti ya mzee akivunja kokwa ya kola, tunda la baraka, na kuwaombea heri. Na kwao mtoto wa kike hapewi chumba. Kwake ni huko atakakoolewa. Asipoolewa, ndiyo hivyo tena, anabaki mgeni anayepokelewa vizuri.

Kisha vita vikaipitia nchi yao, na vilipokwisha boma lao lilikuwa majivu, limesalia ghala la viazi la uani tu. Baba yake, Mazi Anyaegbu, akamwagiza binti yake huyo wa kwanza amchoree nyumba mpya. Uzoaku aliichora kwa mapenzi ambayo ile benki haikuyaonja. Alipoitandaza ramani mezani, mzee akaipitia kwa kidole, wadogo wa kiume wa Uzoaku wakiwa wamesimama nyuma ya baba yao.

"Hiki cha Okwudili. Hiki cha Chinwuba. Hiki cha Nwafor. Na hiki cha pembeni, cha nani?"

Neno "changu" lilikuwa limeshamfika Uzoaku mdomoni. Akawatazama wadogo zake, akalirudisha.

"Stoo, Baba. Ya viazi vikuu."

"Stoo ya madirisha mawili?" Nwafor akadakia. "Viazi vyetu vitapunga upepo mwaka huu. Kweli dada amesoma."

Wakacheka, naye akacheka nao. Nyumba ikajengwa, ghala la zamani la uani likavunjwa kupisha jiko, na viazi vikahamia chumba cha madirisha mawili. Kila Krismasi Uzoaku alikwenda nyumbani, akatandikiwa sebuleni, akaitwa mgeni wetu wa Enugu. Asubuhi alichungulia stoo, akaona jua linavyoingia na kuviangukia viazi pale pale alipopanga kitanda chake kikae. Alivionea wivu viazi, mtu mzima na digrii zake. Hata kujiambia mwenyewe aliona haya.

Miaka ikaenda, mvi zikamjaa, akastaafu. Ofisi ikamfanyia sherehe na kumzawadia saa ya ukutani, na mwenzetu hata ukuta hana. Akaisukumia chini ya kitanda.

Mwaka huo huo Mazi Anyaegbu akaugua, akawa wa kitandani. Uzoaku akaenda kumwuguza. Macho ya mzee yalikuwa yameingia kiza, lakini ulimi ulikuwa ule ule.

"Uzoaku, stoo gani ina madirisha mawili?"

"Kumbe ulijua, Baba?"

"Nikuzae nisikujue? Nilikuwa nangoja uniombe."

"Ningekuomba, ungenipa?"

"Hapana. Siku zile, mbele ya wadogo zako, nisingekupa. Lakini ningekwenda kulala nikiwaza, na pengine siku moja ningeamka na neno jingine. Wewe hukunipa hata hilo la kuwaza."

Lilimchoma. Miaka yote hiyo alikuwa amemnunia baba yake kimoyomoyo kwa kumnyima kitu ambacho hakuwahi kumwomba.

"Na sasa, Baba?"

"Sasa nyumba nimemkabidhi Okwudili. Nenda kwake. Na usimwambie habari za stoo, sema unachotaka."

Okwudili alikuwa uani akinoa panga. Uzoaku, aliyezoea kuwaambia makandarasi wabomoe ukuta mzima waanze upya, alisimama mbele ya mdogo wake akitafuta pa kuanzia.

"Okwudili, nina ombi. Kile chumba cha viazi nilikichora kiwe changu. Nimekitamani tangu siku ile. Nataka kuzeekea humo, hapa kwetu. Nakuomba unipe."

Okwudili akaacha kunoa. Akamtazama dada yake, akautazama mlango wa stoo, akajikuna kichwa.

"Sasa, dada," akasema mwishowe, "viazi nitaviweka wapi?"

Uzoaku akachuchumaa pale pale mavumbini, machozi yakimdondoka, akaokota kijiti na kuanza kupiga mistari ardhini.

"Ghala," akasema. "Nitakuchorea ghala."